Kijana na Nyumba ya Kwanza: Fedha Itoke Wapi?

(Mada iliyotolewa mbele ya wanachama na wageni siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo mabinti zetu wanalileta karibu kila siku ya hisa. Kijana mwenye kipato kidogo atapata wapi fedha za nyumba ya kwanza, nyumba ya kupangisha imwingizie chochote? Tulipoanza tulikuwa tukikopeshana mtaji wa vitumbua na ada za watoto. Leo wanaulizia viwanja. Hayo ni maendeleo, tuwapigie makofi. Lakini tuwaambie ukweli wote, maana mkopo wa nyumba ukianguka hauanguki na mtu mmoja. Unaanguka na wadhamini wake, na wadhamini ndio sisi tuliokaa hapa.

Jibu langu ni fupi. Kiwanja kinunuliwe kwa akiba. Mkopo uwe wa ujenzi, tena kwa vipande.

Kwa nini nasema hivyo? Kiwanja kitupu hakina mpangaji. Ukikikopea, mwezi ujao unaanza marejesho wakati chenyewe kinaota nyasi tu. Chumba kilichoezekwa na kutiwa mlango, hicho kina mtu wa kukilipia. Kwa hiyo mwanangu, chora ramani ya nyumba nzima, lakini anza na vyumba viwili vya uani. Vikiisha na deni likiisha, ndipo urudi kukopa kipande cha pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Vikundi vingi hukopesha hadi mara 3 ya akiba ya mwanachama. Tuseme binti ana akiba ya shilingi 2,000,000, akapewa mkopo wa 6,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Hapo aulize swali moja kabla ya kutia saini: riba hiyo inahesabiwa kwenye nini?

Ikihesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, riba ni 2,160,000, na kila mwezi atalipa 340,000. Ikihesabiwa kwenye deni lililobaki tu, huku akipunguza 250,000 za mkopo kila mwezi, riba yote ni 1,125,000. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni 1,035,000. Hizo ni fedha za bati, jamani!

Hebu tuendelee. Tuseme vyumba viwili vinapangishwa kwa 50,000 kila kimoja. Mapato ni 100,000 kwa mwezi, na marejesho ni 340,000. Kodi peke yake hailipi deni. Zile 240,000 zilizobaki lazima zitoke kwenye mshahara au biashara. Kama hazipo, mkopo huo ni mkubwa mno. Punguza kiasi, au ongeza akiba kwanza. Tena mpangaji akilipa kodi ya miezi 6 kwa mpigo, fedha ile si ya kitenge. Igawe kwa miezi 6, uitunzie marejesho. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Benki nazo zinakopesha, na sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008. Muda wao wa kulipa ni mrefu kuliko wetu. Lakini benki hutaka kuona mapato yaliyoandikwa, na nyumba yenyewe huwekwa rehani. Bila hati mlango ule haufunguki kirahisi.

Hiyo hati inanipeleka kwenye karatasi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Tunachonunua ni haki ya kuimiliki kwa masharti. Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata senti. Kama hakijapimwa, ongea na majirani wa mipakani, fika serikali ya mtaa, na muuzaji akiwa na mke au mume, naye asaini. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili si hadithi. Kesi zake tunazisikia kila siku. Usilipe mkononi bila mashahidi na bila maandishi.

Na la mwisho, jina. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kabla yake, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwisha sema mwanamke aliyeolewa anaweza kuwa na mali yake. Sheria hiyo hiyo inasema mali ikiandikwa jina la mmoja, huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina ya wote wawili, mafungu yao huchukuliwa kuwa sawa. Basi binti, ukikopa kwa hisa zako ukajenga kwenye kiwanja cha shemeji au cha mjomba, deni ni lako lakini nyumba unaiombea. Jina lako liwe kwenye mkataba, na risiti za saruji na bati zitunzwe.

Ombi langu kwa Kamati ya Mikopo ni hili: mwombaji wa mkopo wa ujenzi alete kwanza karatasi ya kiwanja chenye jina lake, na hesabu ya marejesho aliyoiandika mwenyewe. Si kumbana. Ni kumlinda yeye, na kuilinda akiba ambayo wenzake wameiweka shilingi kwa shilingi kwa miaka 10. Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa kunaanza kabla ya kukopa.