Programu Huria: Pesa Zibaki Nyumbani

(Hotuba tuliyowapa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tunataka tuongee juu ya kompyuta za serikali. Tafadhali msiseme hayo ni mambo ya watu wa Nairobi. Ukimpeleka mtoto zahanati, muuguzi huandika kitabuni. Mwisho wa mwezi hesabu zile hujumlishwa na kuingizwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo inahitaji pesa za umma, na pesa za umma ni zetu.

Kompyuta haifanyi lolote bila programu, yaani yale maagizo yanayoiambia ifanye nini. Programu ziko namna mbili. Moja ni kama mbegu ya dukani: msimu ukirudi, nawe unarudi dukani. Serikali hulipa leseni, na maagizo ya ndani yamefichwa, hata fundi wetu hawezi kuyarekebisha. Ya pili huitwa programu huria. Hii ni kama mbegu ya kienyeji: unaipanda, unaichagua iliyo bora, unamgawia jirani, na hakuna wa kukuuliza.

Je, Kenya imeijaribu? Ndiyo. Mwaka wa 2006, kliniki za Ukimwi kule Eldoret zilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa programu huria iitwayo OpenMRS. Baadaye Wizara ya Afya ikapata KenyaEMR, iliyojengwa juu ya hiyo OpenMRS. Na mwaka wa 2011, Wizara ilianza kukusanya hesabu za afya za nchi nzima kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe.

Faida iko wapi? Pesa ambazo zingekwenda ng'ambo kulipa leseni zinaweza kumlipa kijana wetu wa kufunga mitambo, kufundisha wauguzi na kurekebisha palipoharibika. Mshahara wake unaliwa hapa hapa: ananunua maziwa yenu, analipa karo, anaweka akiba kwenye chama.

Lakini jamani, tusidanganyane. Huria si bure. Kazi kubwa ya rekodi za Ukimwi ilikuwa ikilipwa kwa misaada ya Marekani. Januari 2025 nchi hiyo ilisimamisha misaada yake mingi, na ndipo tulipoona udhaifu wetu. Programu yenyewe hakuna awezaye kutunyang'anya, kwa maana maagizo yake yako wazi. Lakini fundi asiyelipwa haji kazini. Ukiwa na mbegu na huna wa kupalilia, utavuna magugu.

Tufanye nini basi? Tangu 2013 zahanati ziko chini ya kaunti, na Katiba ya 2010 inawapa wananchi nafasi ya kusema bajeti inapotayarishwa. Twendeni kwenye mikutano hiyo, tusiwaachie wengine.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Kaunti yetu ikinunua programu, italipa leseni kila mwaka?
2. Ikiharibika, nani ataitengeneza, na atatoka wapi?
3. Je, vijana wetu walio vyuo vya ufundi wanafundishwa kazi hiyo?
4. Mfadhili akiondoka, mshahara wa fundi uko katika bajeti ya nani?

Andikeni majibu, mchague wawili wa kuyapeleka mkutanoni.