Damu ya Istihadha na Maradhi ya Mlango wa Kizazi



Katika mtaa kama Biryogo, mjini Kigali, mwanamke akiona damu isiyokuwa ya hedhi, aghalabu wa kwanza kuulizwa ni mwalimu wa madrasa. Naye bibi, kwa haya, huenda asifike mwenyewe, akamtuma mumewe. Mwalimu hujibu kama alivyosoma katika vitabu vya Kishafii: hiyo ni istihadha, ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe kwa kila sala ya faradhi, asali na afunge. Jawabu hilo ni sahihi. Lakini ni nusu ya jawabu: sala ya bibi imesalimika, na mwili wake haukuulizwa habari.

Kwani damu itokayo baada ya bibi kukoma hedhi, au baina ya hedhi na hedhi, au baada ya kukutana na mumewe, yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Si kila damu ya namna hiyo ni saratani, mtu asitishike bure. Bali hapana ajuaye mpaka apimwe. Basi mwalimu akiisha kutoa hukumu ya sala, na amwambie yule mume ampeleke mkewe kituo cha afya.

Asili ya maradhi haya ni virusi viitwavyo papiloma, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Wengi huvipata, na mwili ukaviondoa wenyewe. Vikikaa, huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Kwa mwenye virusi vya ukimwi asiyetibiwa, miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo bibi wa makamo aweza kuugua kwa jambo la ndoa ya ujanani mwake. Kumdhania ubaya ni dhuluma, na dhana hiyo ndiyo iwafichayo wengi ndani.

Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011. Mama zao hawakuipata chanjo ile; hao, tangu miaka 30, ndio wa kupimwa hata kama hawaoni damu wala maumivu. Muuguzi hupaka siki hafifu, na palipoharibika hugeuka peupe. Doa likiwa dogo huunguzwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi kali, na bibi hurudi kwake siku ile ile. Kipo na kipimo cha virusi, ambacho bibi aweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, kwa kijiti chenye pamba. Shirika la Afya Duniani lilikubali njia hiyo katika mwongozo wake wa mwaka 2021. Stara gani tena itakayodaiwa? Na hata pasipo hicho, wanavyuoni wameruhusu kutazamwa kwa haja ya matibabu, akitangulizwa tabibu mwanamke apatikanapo.

Umbali wa kituo si hoja kubwa mjini. Hoja ni siku. Auzaye mboga akifunga genge kutwa, watoto hulala na njaa, ndipo husema atakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo haifiki. Wenye magenge jirani na waachiane zamu: mmoja aende asubuhi, mwenziwe baada ya adhuhuri, na mume atoe nauli bila ya kuombwa.