Mikono ya Kwanza Barabarani: Uokoaji wa Kujitolea kati ya Arua na Koboko

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilomita 92, kutoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini. Lami yake, iliyowekwa kwa fedha za Benki ya Dunia, imeleta biashara na pia mwendo kasi. Huduma ya zimamoto na uokoaji Uganda iko chini ya Polisi, na gari lake, hata likiondoka Arua papo hapo, haliwezi kuiwahi damu inayomwagika karibu na Koboko. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu hufa kwa dakika chache. Kwa hiyo nasema mwokoaji wa kwanza ni mwananchi aliye jirani na ajali, na ataendelea kuwa yeye kwa miaka mingi. Tumfunze, tumpe vifaa, na sheria imtambue kuwa zimamoto wa kujitolea.

Watu hawa wapo tayari. Teksi ikigonga lori na dereva akabanwa miguu chini ya usukani, vijana wa boda hufika vumbi halijatua. Humshika makwapani, wakavuta. Kisha majeruhi hupakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia, shingo ikiyumba kila tuta. Huruma yao haina kasoro. Wanachokosa ni mawe ya kuzuia magurudumu, spana ya kufungua waya wa betri, jeki ya kusukuma bati lililombana mtu, kitambaa cha kukandamiza jeraha, na ubao wa kumlaza.

Wako madaktari wanaohofia kwamba asiyesomea atavunja uti wa mgongo wa mtu. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini inatetea mafunzo, kwa sababu mikono hiyo inamgusa majeruhi leo, tupende tusipende. Mwaka 2008 mjini Kampala watu 307, wakiwemo polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, walifunzwa huduma ya kwanza ya majeruhi. Walipofuatiliwa baadaye, wengi walikuwa wameshaitumia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba serikali itajificha nyuma ya wanaojitolea. Ujerumani inatuonyesha njia: zimamoto wake walio wengi ni wa kujitolea, ilhali magari, mafunzo na bima ni jukumu la mamlaka za umma. Anayejitolea bila bima ameachwa peke yake, na hilo nalikataa kabisa.

Kuna kazi moja isiyohitaji hata jeki. Malori ya mafuta hupita hapa kwenda Sudan Kusini. Huko Sange, Kongo, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, likawaka na kuua zaidi ya watu 200. Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya 100 walikufa vivyo hivyo. Wengi walikuwa wamesogea na madumu kuchota mafuta. Wa kuwarudisha nyuma watu kama hao ni jirani anayeaminika, mwenye kizibao kinachong'aa na idhini ya Polisi. Akipaza sauti Koboko, wanaomsikia ni Wakakwa, Walugbara, Wanubi, wafanyabiashara wa Juba na dereva aliyetoka Mombasa; ndiyo maana maneno ya amri, "rudini nyuma, zimeni sigara", yafundishwe kwa Kiswahili pia, na yafundishwe kwanza kwenye vijiwe vya boda.