Radhi Iliyokaa Mfukoni

Wasikilizaji wetu, sisi wa Ibaba twajua ya kuwa neno moja la dharau laweza kuwashikisha ndugu wawili marungu. Wakuu wa Uingereza nao zamani walikuwa na desturi ya namna hiyo: aliyetukanwa alimwita mwenziwe uwanjani, wakapigana kwa bastola mbele ya mashahidi.

Tarehe 21 Machi 1829, Waziri Mkuu Wellington alipambana hivyo na mkuu mwenziwe, Winchilsea, huko Battersea, London. Winchilsea alikuwa ameandika gazetini kwamba Wellington awapendelea Wakatoliki kwa hila. Wellington alipiga, risasi isimpate mtu. Winchilsea akapiga hewani. Ndipo shahidi wake akatoa mfukoni karatasi ya kutaka radhi, iliyokwisha kuandikwa!

Wachoraji wa mzaha hawakunyamaza. William Heath alimchora Wellington amevaa joho la mtawa, na picha ikauzwa. Mshindi wa Napoleon wa mwaka 1815 akawa kichekesho kwa sababu ya kulinda heshima yake.

Basi, vijana wetu, ikiwa radhi imo mfukoni, ya nini kungoja risasi? Tuitoe mapema.