Kiwanda Hukaa Wapi, na Faida Hukaa Wapi?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Mwakitolyo, Shinyanga)

Ndugu wanakisomo,

Wengi wenu mmeniuliza: "Dhahabu inatoka kwetu, mbona maendeleo yanakwenda kwingine?" Swali hili ni la maana. Tulijibu polepole.

Kwanza, kiwanda huwekwa wapi? Mwenye kiwanda hutazama mambo manne: mali ghafi, umeme na maji, njia ya kusafirishia, na soko. Halafu hupiga hesabu ya uzito. Mzigo mzito wenye thamani ndogo haubebwi mbali.

Tazameni pamba. Kilo 100 za pamba ya shambani hutoa nyuzi kilo 35 hivi. Karibu zote zinazobaki ni mbegu. Ndiyo sababu vinu vya kuchambulia pamba vilijengwa karibu na wakulima, na karibu na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Lakini nyuzi zikishafungwa marobota husafiri kwa urahisi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, mahali ambapo si pa wakulima wa pamba. Sisi tuliuza pamba, tukanunua kitenge. Ujira wa kusokota na kufuma ulibaki huko.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Tani nzima ya mawe mara nyingi hutoa gramu chache tu. Nani atabeba tani hiyo mpaka Mwanza? Ndiyo maana makarasha yako karibu na maduara. Lakini dhahabu yenyewe huingia mfukoni, na kitu cha mfukoni huweza kwenda popote. Ni jambo jema kwamba mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kilifunguliwa Mwanza, kwa jirani zetu.

Hata hapa hapa kijijini faida huhama. Ukikamata dhahabu kwa zebaki, mara nyingi hupati hata nusu ya iliyomo. Nyingine hubaki kwenye marudio. Mwenye mtambo wa kuchenjulia huyanunua marudio hayo na kuitoa. Wewe umeshuka duarani, yeye anavuna mara ya pili. Tena zebaki ni sumu. Moshi wake hudhuru ubongo, na hudhuru mtoto aliye tumboni. Usiichome jikoni, wala karibu na watoto.

Jambo la pili: dhahabu haioti tena kama mtama. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Miaka zaidi ya 30 ilipita kabla mgodi mkubwa wa sasa haujaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kule Kahama, mgodi wa Buzwagi ulianza mwaka 2009, na mwaka 2021 ulikuwa umekwisha kuchimba. Mtoto aliyezaliwa mgodi ulipofunguliwa alikuwa bado shule ya msingi ulipofungwa.

Basi tufanye nini sisi?

1. Tuungane. Mtu mmoja hawezi kununua mtambo wa kuchenjulia. Kikundi kilichosajiliwa, chenye leseni, chaweza kukopa na kununua.

2. Tuuze kwenye masoko ya madini. Masoko hayo yalianza mwaka 2019. Hapo mizani ni ya wazi na bei hutangazwa. Wewe unajua kusoma: isome mwenyewe.

3. Tuulize. Kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo yake. Nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mkaombe taarifa ya mapato na matumizi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Tusiache jembe wala ng'ombe. Fedha ya duara ijenge nyumba ya bati, ichimbe kisima, isomeshe watoto, inunue mashine ya kukoboa mpunga. Hivyo vitakuwapo duara likikauka.

Ndugu zangu, mawe yametukuta hapa hapa. Mtambo, barabara na shule havitatukuta tumekaa. Lazima tuvitafute, tena mapema.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni vitu gani vinatoka kijijini kwetu vikiwa ghafi na kurudi vikiwa ghali?
2. Marudio yetu hununuliwa na nani, na kwa bei gani?
3. Dhahabu ikiisha, kijiji chetu kitabaki na nini?