Mafuta ya buati: tusiiue gari yetu sisi wenyewe

Maneno ya mekanisiye wa chama mbele ya mkutano wa wanamemba, Kimemi, Butembo

 

Ile Land Cruiser yetu ya zamani kila mtu anaijua. Ndiyo ilirudisha mizigo ya wengi wetu kijijini, ndiyo inapeleka mama wa uchungu hospitali usiku. Mnajua pia kwamba mwaka uliopita ilikaa miezi miwili bila kutembea. Vitesi ya pili ilikuwa inalia, kisha ikakataa kabisa kuingia. Leo nasema wazi: kosa lilikuwa langu. Nilitia mafuta ya ponti ndani ya buati ya vitesi.

Mtu ataniuliza: si yote ni mafuta ya 90? Hapana. Ile 90 inaonyesha uzito tu. Angalieni maandishi mengine kwenye bido: GL-4 ao GL-5. GL-5 ni ya ponti, pale pinyo zinasuguana kwa nguvu sana. Wametia humo dawa nyingi ya salfa na fosforasi kwa kulinda chuma. Lakini ndani ya buati ya zamani muko pete za sinkro, za shaba ya manjano. Mafuta yakipata moto, dawa hiyo inaweza kula shaba. Tena inatelezesha mno. Sinkro inapashwa kushika kidogo ili pinyo zilingane mwendo. Isiposhika, vitesi inalia. Ndiyo maana Toyota nyingi za miaka ile zinaomba 90 ya GL-4 kwenye buati, na GL-5 kwenye ponti.

Wala musiseme: "Gari imezeeka, tutie nzito, 140." Butembo asubuhi kuna baridi, mafuta mazito yanakawia kufika na vitesi inakuwa ngumu. Na gari zote haziko sawa: buati ya Peugeot 504 ilitumia mafuta ya moteri, ya Mercedes 240D inatumia ATF nyepesi. Kitabu cha gari kwanza.

Siku ya vidanji, fungua kwanza bushon ya kutilia. Ikikataa, usimwage ya chini, utabaki na buati kavu. Mwaga gari ingali na moto. Unga mweusi kidogo wa chuma si ajabu. Unga wa manjano unaong'aa, sinkro zinakwisha. Jaza mpaka kwenye mdomo wa tundu, gari ikiwa pahali sawasawa.

Naomba mambo mawili. Mafuta ya kupimiwa kwenye chupa, bila maandishi, tuyakatae. Na sanduku ya chama inunue bido mbili, kila moja na alama yake, zikae depo. Ni bei, ndiyo. Lakini zile pete tulizilipa na michango ya wajane wetu. Sitaki kuwaomba tena.