Mgeni Sokoni ni Nani? Bredäng na Kariakoo

 

Treni ya chini ya ardhi ilifika hapa Bredäng tarehe 16 Mei 1965, Waswidi walipokuwa wanaanza mpango wa kujenga nyumba milioni moja kwa miaka kumi. Maduka yakawekwa karibu na stesheni, mtu akishuka anunue mahitaji yake aende nyumbani. Leo wauzaji na wanunuzi wengi pale ni sisi tuliotoka nje. Mwenye kibali cha kudumu haulizwi uraia ili afungue saluni. Anajiandikisha kwa watu wa kodi, analipa, anafanya kazi.

Sasa twende nyumbani. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo duka la rejareja, saluni, kutengeneza simu na uwakala wa fedha kwa simu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au jela hadi miezi sita. Wapo kati yetu walioshangilia, na sababu ninaielewa. Mtu mwenye mtaji wa makontena akiuza mpaka soksi moja moja, mchuuzi wa Kariakoo ataponea wapi? Lakini Wanakariakoo walipogoma Mei 2023, na tena Juni 2024, kilio chao kikubwa kilikuwa kodi na namna inavyokusanywa. Kumfukuza mgeni hakuondoi kilio hicho.

Halafu tujiulize, mgeni ni nani? Sweden inaruhusu uraia pacha tangu 2001. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mzaliwa wa Ilala aliyechukua pasi ya hapa, kwa maneno ya amri ile si raia. Hata hadhi maalumu iliyopitishwa na Bunge mwaka 2025 haimrudishii uraia wake.

Maoni yangu ni kwamba sheria ipime mtaji, isipime pasi. Mwingizaji mkubwa asiuze rejareja, awe mgeni au mwenyeji. Mchuuzi mdogo alindwe. Na mzaliwa wa nchi aandikwe wazi kwamba amri haimhusu.

Hapa tunadai haki ya kufanya biashara ugenini, kule tunashangilia wengine wakinyimwa. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.